Programu ya SEO kwa timu ya watu watano: tununue ipi?

Swali: Habari mtaalamu. Naongoza timu ya masoko ya watu watano. Tunauza vifaa vya ofisi mtandaoni, na tovuti yetu ina kurasa kama elfu nne. Uongozi umetupa bajeti ya programu ya SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane vizuri kwenye Google, kwa mwaka mzima. Wawili kati yetu wanataka Semrush, mmoja anasema bila Ahrefs hakuna kazi, na kuna kampuni inatupigia kila wiki ikitaka tuchukue mfumo wake mkubwa wenye akili mnemba ndani. Bei zinatofautiana mno na kila mmoja ana namba zake. Tuchukue ipi, na tutajuaje kwamba hatujauziwa maneno matupu?

Jibu: Habari nzuri, ndugu yangu. Kwanza kabisa, msisaini mkataba wa mwaka mwezi huu. Nitataja majina, na nitakwambia mimi ningenunua nini kama ningekuwa kwenye nafasi yako, lakini jibu linategemea jambo ambalo swali lako halikuligusa: mkishaliona tatizo kwenye tovuti, nani analirekebisha? Katika hao watano, yupo anayeweza kuingia leo hii akabadilisha kichwa cha ukurasa bila kuomba ruhusa kwa watu watatu? Yupo fundi wa tovuti anayewapa walau siku moja kwa wiki? Programu hizi hupekua, hukadiria, huhesabu na kukumbusha. Kurekebisha, kwa sehemu kubwa, kunabaki mikononi mwenu. Timu isiyo na wa kutekeleza ikinunua mfumo mkubwa, mwaka unaisha ikiwa na rundo la ripoti na tovuti ile ile.

Anzeni na kisicholipiwa, kwa sababu ndicho chenye data iliyo karibu zaidi na ukweli. Google Search Console inawaonyesha watu waliandika nini hadi tovuti yenu ikatokea, ilionekana mara ngapi, ilibofywa mara ngapi, na kurasa zipi Google haikuziingiza kwenye faharasa yake (orodha ya kurasa inazoweza kuonyesha) na kwa sababu gani. Data ya utafutaji inahifadhiwa miezi 16 tu. Ukiipakua kwa kivinjari, ripoti moja inakupa mistari 1,000, na kwa tovuti ya kurasa elfu nne hicho ni kipande kidogo. Kupitia API, yaani njia ya programu kuchukua data moja kwa moja, mnaweza kuvuta hadi mistari 50,000 kwa siku kwa kila aina ya utafutaji, na tangu Februari 2023 Google inaruhusu data hiyo imiminwe kila siku kwenye BigQuery, ghala lake la data. Mmiminiko huo haurudi nyuma, unaanza siku mnayouwasha. Kwa hiyo uwasheni wiki hii, hata kama bado hamjajua mtaitumiaje. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana Google huyaficha kulinda faragha, basi msishangae jumla ya maneno isipolingana na jumla ya mibofyo.

Bing Webmaster Tools nayo ni bure, inaingiza tovuti zenu moja kwa moja kutoka Search Console, na ina utafiti wa maneno na orodha ya linki zinazoelekea kwenu kutoka tovuti nyingine, vitu ambavyo watu wengi hawajui vipo. Ahrefs wana toleo la bure kwa mwenye tovuti aliyethibitisha umiliki wake: linapekua tovuti yenu na kuonyesha linki zinazokuja kwenu. Kasi ya kurasa mnaipima kwa PageSpeed Insights. Hapo angalieni vipimo vitatu ambavyo Google inavitangaza waziwazi: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kutikisika kwa vilivyomo kusizidi 0.1. Kwa hilo hamhitaji kumlipa mtu yeyote.

Sasa kwenye zile namba zinazogongana, maana hapo ndipo timu nyingi zinapotezea fedha.

Nje ya Google hakuna kampuni inayojua neno fulani linatafutwa mara ngapi. Chanzo kikuu ni Keyword Planner ya Google, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watangazaji. Kinatoa wastani wa miezi 12, kinazungusha namba, kinaunganisha maneno yanayofanana, na kwa akaunti isiyotumia fedha kwenye matangazo kinatoa masafa mapana tu, kama 1,000 hadi 10,000. Juu ya hapo kampuni za programu zinaongeza data ya mienendo ya watu kwenye vivinjari, iliyonunuliwa kutoka kwa wahusika wengine, kisha zinapitisha vyote kwenye hesabu zao za siri. Vyanzo hivyo vinaweza kukatika ghafla. Januari 2020 Avast iliifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot baada ya kufichuliwa kwamba ilikuwa inauza historia ya kuperuzi ya watumiaji wa programu yake ya kuzuia virusi, na waliokuwa wakinunua data hiyo walilazimika kutafuta pengine. Kwa hiyo Semrush ikisema 1,900 na Ahrefs ikasema 700, hakuna aliyedanganya. Yote mawili ni makadirio. Na kama wateja wenu wanatafuta kwa lugha nyingine isiyo Kiingereza, makadirio hayo mara nyingi huwa dhaifu zaidi, kwa kuwa data ya kuyajenga ni chache.

Ila hamlazimiki kukisia nani anakadiria vizuri. Mnao ushahidi wenu wenyewe. Ingieni Search Console, chagueni nchi moja mnayoiuzia zaidi, wekeni miezi 12 iliyopita, kisha toeni maneno 30 ambayo nafasi yenu ya wastani kwenye matokeo ya Google ni kati ya 1 na 5. Ukiwa juu hivyo muda wote, karibu kila anayetafuta neno hilo anaipata tovuti yako kwenye ukurasa wake wa kwanza, kwa hiyo idadi ya mara mlizoonekana inakaribiana na idadi halisi ya utafutaji. Gawanyeni kwa 12. Tuseme “kiti cha ofisi cha kuzunguka” kimeonekana mara 10,800 kwa mwaka. Hiyo ni 900 kwa mwezi. Programu ya kwanza inasema 70, ya pili inasema 1,300. Andikeni zote kwenye Excel, maneno yote 30, safu moja kwa kila programu.

Mkimaliza, msitafute programu inayolingana na yenu tarakimu kwa tarakimu, hamtaipata. Tafuteni inayopanga sawa. Kama Search Console inasema neno la kwanza linatafutwa kuliko la pili, na la pili kuliko la tatu, je, programu nayo inazipanga hivyo? Kazi yenu ya kila siku ni kuamua ukurasa upi uandikwe kwanza, na uamuzi huo unategemea mpangilio. Programu inayozidisha kila neno mara mbili, lakini kwa uwiano ule ule, inafaa. Isiyofaa ni ile inayosema sifuri kwenye maneno ambayo nyinyi mnayaona yakileta wateja kila wiki. Hesabuni sifuri hizo. Timu inayoziamini huacha kuandika kurasa ambazo zingeuza.

Fanyeni vivyo hivyo kwa linki. Chukueni tovuti 20 mnazojua kwa uhakika zina linki ya kuja kwenu: wasambazaji, washirika, vyombo vya habari vilivyowataja. Angalieni kila programu imeziona ngapi. Kila kampuni ina roboti yake inayozunguka intaneti, na hakuna hata moja inayoona kila kitu. Kisha tazameni makadirio yao ya wageni wanaoingia kwenye tovuti yenu kutoka Google, mlinganishe na mibofyo halisi. Makadirio hayo hutokana na nafasi, ikizidishwa na wingi wa utafutaji, ikizidishwa na asilimia ya wanaobofya, kwa hiyo kosa la mwanzo linaendelea kukua. Mkishaona wamekosea kiasi gani kwenu, mtajua mzichukulie vipi namba zao za washindani.

Zile alama za nguvu ya tovuti zinazofika hadi 100 zisiingie kwenye malengo ya timu. Moz, kampuni nyingine ya programu hizi, wana Domain Authority, Ahrefs wana Domain Rating, Semrush wana Authority Score, na hakuna hata moja ambayo Google inaitumia kupanga matokeo. Zinasaidia kulinganisha tovuti mbili kwa haraka, basi. Google wenyewe waliacha kuwaonyesha watu alama yao ya PageRank, iliyopima umuhimu wa ukurasa kwa linki zake, kwenye upau wao wa kivinjari mwaka 2016. Hali ni hiyo hiyo kwa “linki zenye sumu” ambazo baadhi ya programu huziwekea rangi nyekundu. Google inaeleza katika maelekezo yake kwamba tovuti nyingi hazihitaji kutumia chombo cha kukana linki, yaani kuiomba Google isizihesabu. Nimeona timu zikimaliza wiki nzima zikikana linki ambazo hazikuwa na madhara yoyote, huku kurasa zao za bidhaa zikiwa na matatizo ya wazi.

Asilimia ya “afya ya tovuti” ambayo programu huitoa baada ya kuipekua tovuti inahitaji uangalifu zaidi. Niliwahi kuitwa na duka moja la mtandaoni ambalo mauzo yake kutoka Google yalikuwa yanashuka, na programu yao ilionyesha afya zaidi ya asilimia 90. Walikuwa wamehamisha muundo mpya kutoka seva ya majaribio, na kwenye kiolezo cha kurasa za makundi ya bidhaa kulikuwa kumesahaulika amri ya “noindex”, ile inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa. Kurasa za makundi zilikuwa chache, ila ndizo zilizokuwa zinabeba biashara. Programu iliiona amri hiyo, lakini iliiorodhesha kama taarifa tu, chini kabisa, kwa sababu wakati mwingine watu huiweka makusudi. Juu yake kulikuwa na maelfu ya maonyo kuhusu maelezo mafupi ya kurasa kukosekana. Mkurugenzi alikuwa anatazama asilimia. Programu nzuri ni ile inayowaruhusu mbadilishe uzito wa kila tatizo, na kuwatumia barua pepe pale kurasa za kundi fulani zinapobadilika hali. Wakati wa majaribio, iulizeni moja kwa moja: ukurasa wetu wa kundi ukiwekewa “noindex” leo usiku, utatuambia lini, na wapi?

Kwa upekuzi wenyewe, yaani programu kupitia kurasa zote za tovuti ikitafuta matatizo, Screaming Frog ni chombo cha Uingereza kinachotumika kwenye kompyuta yako, na toleo la bure linaishia anwani 500. Kwa kurasa elfu nne mtahitaji leseni, ambayo hulipwa kwa mwaka na kwa kila mtumiaji. Ni chombo cha mtu anayejua anachokitafuta. Kama hakuna mwenye uzoefu kati yenu, Sitebulb inaeleza kila tatizo kwa maneno marefu zaidi na inapanga kipaumbele. Lumar, Botify na Oncrawl zina nguvu kubwa, lakini ni za tovuti zenye kurasa kwa malaki na mamilioni. Msizinunue. Hakikisheni tu kwamba mnachochagua kinaweza kufungua ukurasa uliojengwa kwa JavaScript kama kivinjari kinavyofanya, maana maduka mengi ya mtandaoni siku hizi yamejengwa hivyo.

Ufuatiliaji wa nafasi ya tovuti kwenye matokeo ya Google nao umebadilika. Septemba 2025 Google iliondoa njia iliyoruhusu kuomba matokeo 100 kwa mkupuo mmoja. Programu zilizokuwa zinaitegemea zikajikuta zinahitaji maombi kumi kupata kilekile, gharama zikapanda, na baadhi zikapunguza kina au kasi ya ufuatiliaji. Wakati huohuo tovuti nyingi ziliona idadi ya kuonekana ikishuka kwenye Search Console, maana sehemu ya “watazamaji” ilikuwa ni roboti za programu hizi. Mkifanya ule mtihani wa maneno 30, lizingatieni hilo: kubaki kwenye nafasi za juu kunawapunguzia athari hiyo, kwa kuwa kilichopungua zaidi ni kuonekana kwa chini kabisa ya orodha. Muuzaji mwulizeni anafuatilia hadi nafasi ya ngapi, kila baada ya siku ngapi, kwa mji upi na kwa simu au kompyuta. Nyinyi maneno 200 yaliyochaguliwa vizuri yanatosha, tena kwa wiki. Kutazama nafasi kila siku kunaleta wasiwasi tu na hakubadilishi uamuzi wowote.

Kuhusu ile kampuni ya simu za kila wiki, akili mnemba kwenye bidhaa hizi huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kufuatilia kama chapa yenu inatajwa na ChatGPT, Gemini, Perplexity au kwenye majibu ya akili mnemba ambayo Google ilianza kuyaweka juu ya matokeo Marekani Mei 2024. Hitaji hilo ni la kweli. Lakini majibu hayo hubadilika kila swali likirudiwa, na kampuni hizo hazichapishi watu wanauliza nini, kwa hiyo maswali yanayofuatiliwa mara nyingi yametungwa au kukadiriwa na muuzaji. Waulizeni: kila swali mnalirudia mara ngapi kabla ya kutupa asilimia, na maswali mmeyatoa wapi? Wakijibu vizuri, chukueni kwa mwezi. Sura ya pili ni kitufe cha kuzalisha makala mia tano kwa siku. Hapo nawasihi mkae mbali. Machi 2024 Google iliweka kwenye sera zake dhidi ya maudhui taka (spam) katazo la kuzalisha maudhui kwa wingi ili kupanda kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji, yawe yameandikwa na mashine au na watu. Adhabu ikija inaipata tovuti yenu, si ya muuzaji. Na mtu wa simu akiwaahidi nafasi ya kwanza, mshukuruni na mkate simu: Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha.

Mkataba usomeni kwa jicho la mtu anayetarajia kuondoka. Mipango mingi ya bei ya chini ni ya mtumiaji mmoja, na kila anayeongezwa hulipiwa; kushirikiana nywila kunaweza kufanya akaunti ifungwe katikati ya kazi. Kuna vipimo vya matumizi kwa mwezi, ukomo wa mistari ya kupakua, na API ambayo mara nyingi ina bei yake. Kuna kujirefusha kwa mkataba bila taarifa. Na kuna jambo ambalo wachache huuliza: tukiondoka, historia yetu ya nafasi tunaondoka nayo kwa faili la aina gani? Waliokuwa na Universal Analytics, chombo cha zamani cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, wanalijua vizuri. Iliacha kupokea data Julai 1, 2023, na mwaka mmoja baadaye hata data ya zamani haikufunguka tena. Pakueni kila mwezi, mhifadhi kwenu. Umiliki wa kampuni nao hubadilika: Novemba 2025 Adobe ilitangaza makubaliano ya kuinunua Semrush kwa takribani dola bilioni 1.9. Hiyo haiharibu bidhaa, ila ni sababu ya kutaka bei ya mwaka wa pili iandikwe kwenye karatasi.

Kwa hiyo, kwenye nafasi yako ningefanya hivi. Mwezi wa kwanza ni vyombo vya bure, BigQuery ikiwa imewashwa, pamoja na leseni moja ya kipekuzi. Tovuti ya vifaa vya ofisi yenye kurasa elfu nne ina matatizo yake yanayojulikana: vichujio vya rangi na bei vinavyozaa anwani maelfu zinazofanana, bidhaa zilizokwisha zikibaki na kurasa tupu, makundi mawili yanayogombania neno moja. Yote hayo kipekuzi na Search Console vinayaonyesha. Mwezi wa pili lipieni Semrush na Ahrefs kwa pamoja, mwezi mmoja tu kila moja, mfanye mtihani wa maneno 30 na tovuti 20. Zikikaribiana, Semrush ichukueni kama timu hiyo hiyo ndiyo inayosimamia matangazo ya kulipia na mnataka kazi nyingi mahali pamoja. Ahrefs ichukueni kama nguvu yenu kubwa iko kwenye maudhui na kutafuta linki. Akaunti mbili zinatosha, moja kwa anayechagua maneno na moja kwa anayesimamia upande wa ufundi. Wengine watatu wanahitaji jedwali la pamoja lililosasishwa.

Bajeti itakayobaki, na itabaki, iombeeni kibali cha kulipia saa za fundi wa tovuti. Mpelekeeni bosi orodha ya matatizo kumi mliyoyakuta mwezi wa kwanza, kila moja na kurasa linazozigusa na mibofyo iliyopotea kwa mujibu wa Search Console. Na huyo fundi mwiteni kwenye kikao cha kuchagua programu kabla hamjalipa, afungue ripoti ya kila moja aone kama anaelewa arekebishe nini bila nyinyi kumtafsiria.